Lichun Si Amri ya Kufungua Maji Shambani

Kati ya tarehe 3 na 5 Februari, kalenda ya Kichina huingia Lichun, mwanzo wa majira ya machipuko na kimoja cha vipindi 24 vinavyougawa mwaka, na katika vijiji vingi vya kaskazini mwa China watu hula figili mbichi na chapati nyembamba zilizokunjiwa mboga, desturi wanayoiita kuyauma machipuko. Zamani hata ng'ombe wa udongo alichapwa viboko hadharani ili kazi za shamba ziamke. Desturi hizo hazimdhuru mtu. Hasara huanza pale mwenye ngano ya majira ya baridi, iliyopandwa kabla ya baridi kuingia, katika mikoa ya Hebei, Shandong au Henan anapoondoka mezani na kwenda moja kwa moja kuwasha pampu na kumwaga mbolea ya yurea, kwa kuwa tu jina la majira limebadilika.

Vipindi hivyo 24 vimepimwa kwa mwendo wa jua, kila kimoja nyuzi 15, ndiyo maana tarehe zake hazihami mno kama Mwaka Mpya wa Kichina unaofuata mwezi. Msomaji wa pwani anayeijua hesabu ya miongo, yaani makumi ya siku yanayohesabiwa kutoka Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, ataelewa upesi. Lakini jua huieleza mbingu, na udongo huchelewa kupata joto. Siku ya Lichun, ardhi ya sehemu kubwa ya uwanda wa mikoa hiyo bado huganda usiku, na maji yanayomwagwa hapo huipoza zaidi, huzuia hewa isiifikie mizizi na huichelewesha ngano ambayo mkulima alidhani anaiharakisha. Yurea nayo huzalisha machipukizi mengi ya pembeni ambayo mengi yatakufa bila kutoa suke, huku pingili za chini zikirefuka na kulegea. Ngano ya namna hiyo hulala kwa upepo mmoja wa Mei, na mkulima hulaumu upepo.

Kinachofaa mapema ni kupitisha haro nyepesi, chombo chenye meno cha kuvunja madonge ya udongo. Wazee wa huko husema kwamba kutopitisha haro wakati wa Jingzhe, kipindi kingine kinachoingia tarehe 5 hadi 7 Machi, ni kama sufuria ya mvuke inayovuja. Wana haki: tabaka la juu linapoyeyuka sentimita 3 hadi 5 huku chini bado kumeganda, udongo uliovunjwavunjwa juu huzuia unyevu usipotee.

Kabla ya maji, hesabu mashina. Ikiwa mistari imeachana sentimita 20, pima mita moja ya mstari, hesabu mashina yote pamoja na machipukizi, kisha zidisha kwa 5 upate idadi ya mita moja ya mraba. Rudia sehemu tano za shamba, na usichague zile zinazopendeza macho tu. Shamba lenye chini ya mashina 675 ni dhaifu, na hilo peke yake ndilo lenye haki ya maji na mbolea mapema, ngano inapoanza kurudi kijani, wastani wa joto la siku ukiwa umetulia juu ya nyuzi 3 na udongo wa kina cha sentimita 5 ukiwa umefikia nyuzi 5. Lenye 675 hadi 900 lisubiri hadi mimea iinuke kutoka kulala chini. Lenye 900 hadi 1,200 lisubiri kifundo cha kwanza cha shina, na lililosongamana kuliko hapo lisubiri zaidi, hata kama jirani amekwisha kumwagilia mara mbili.

Kifundo hicho hakikisiwi. Chambua shina kuu kwa ukucha. Kikiwa sentimita 1.5 hadi 2 juu ya ardhi katika nusu ya mimea, wakati umefika, kwa kawaida kati ya katikati ya Machi na mwanzo wa Aprili. Hapo toa yurea kilo 150 hadi 225 kwa hekta, kisha maji mita za ujazo 600 hadi 750 kwa hekta, asubuhi yenye jua, ili yasibaki juu ya udongo usiku. Anayepima maji kwa kutazama mfereji umejaa hajapima chochote.

Shina likiwa gumu, umefanya vizuri.

Karibu na kipindi cha Qingming, tarehe 4 hadi 6 Aprili, familia zinapokwenda kufagia makaburi, baridi hurudi mara nyingi na suke changa ndani ya shina huweza kufa. Utabiri ukitangaza baridi na udongo ukiwa mkavu, mwagilia kabla haijafika, kwa sababu udongo wenye unyevu hupoa polepole. Baridi ikishapita, usikatue shamba kwa hasira: subiri siku chache, pasua mashina uone masuke, na ikiwa mengi yamekufa, ongeza yurea kilo 75 hadi 150 kwa hekta pamoja na maji, ili machipukizi yaliyosalia yatoe masuke.