Chotara haikamuliwi mbegu: rasta ya nyanya Ilula na Kilolo

Kila Septemba napigiwa simu zilezile: nyanya zimeshikwa na rasta, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe, majani yamejikunja na kuwa njano, dawa ya inzi weupe "imegoma". Nafika shambani, nauliza mbegu imetoka wapi, najibiwa kwa sauti ya chini: "Nilikamua mwenyewe, ile chotara ya mwaka jana." Basi dawa umeisingizia bure.

Chotara ina wazazi wawili tofauti, na mara nyingi ni mmoja tu aliyebeba jeni ya kuzuia rasta. Mfano ni Ty-1, iliyochukuliwa kwenye nyanya pori ya Chile na Peru, ambayo huupa mmea nguvu ya kuvizima virusi visizaliane. Chotara ya namna hiyo ina nakala moja inayofanya kazi na nyingine isiyofanya, moja inatosha. Ukikamua mbegu, nakala hizo zinagawanywa upya. Katika kila miche minne, kwa wastani mmoja hupata mbili zinazofanya kazi, miwili hupata mojamoja, na wa nne hapati kitu.

Piga hesabu. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 90, ekari inabeba miche kama 7,490. Robo yake ni zaidi ya 1,870. Yote hiyo umeitia mbolea, umeisimikia miti, umeipulizia dawa, na haikuwa na kinga tangu kitaluni! Chotara ikiwa na kinga ya rasta na ya batobato (ugonjwa mwingine wa virusi), kila moja kwa nakala moja, ni miche 9 tu kati ya 16 itakayorithi zote mbili.

"Mbona mwaka jana zilikubali?" Ulipanda lini, Juni? Kwenye baridi ile inzi weupe ni wachache, hata mche usio na kinga unapona.

Wapo wajanja wanaosema watang'oa zilizougua na kukamua zilizosalia. Kati ya mitatu iliyosalia, miwili bado ina nakala moja. Msimu unaofuata, mche mmoja kati ya sita utazaliwa tena bila kinga, na jirani yako ataletewa virusi kutoka kwako. Watafiti wa mbegu huifanya kazi hiyo kwa vizazi vingi, tena kwa vipimo vya maabara. Wewe una shamba la kukodi.

Pilipili hoho ni kinyume. Kinga yake dhidi ya virusi Y vya viazi mara nyingi hutokana na jeni fiche, ambazo lazima nakala zote mbili ziwepo. Nyuki akileta chavua ya pilipili ya jirani isiyo na kinga, mche utakaotokana nayo haukingwi kabisa.

Anayetaka kukamua apande Tanya au Tengeru 97, zilizotolewa 1997. Hizo si chotara, mbegu zake hufanana na mama. Ila kwa rasta usizitegemee.

Ukinunua chotara, soma pakiti: HR ni kinga kubwa, IR ni ya kati. Hata HR si ruhusa ya kulala. Funika kitalu kwa neti yenye matundu 50 kwa inchi, tangu siku ya kusia hadi kuhamisha, siku ya 28 hadi 30. Chandarua cha kulalia hakifai, inzi mweupe anapita bila kuinama. Nimekuta kitalu kimefunuliwa "kipate hewa" kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni! Inzi huyo akifyonza mmea mgonjwa nusu saa tu anaweza kubeba virusi, na baada ya siku moja hivi huvisambaza hadi anapokufa.

Wiki sita za kwanza baada ya kuhamisha, kagua kila siku ya tatu, kabla ya saa moja na nusu asubuhi, inzi wakiwa bado wameganda kwa baridi. Mche uliojikunja uvishe kiroba kwanza, ndipo ung'oe, ufunge, ukachome. Usiukokote shambani ukimwaga inzi njia nzima. Baada ya wiki ya sita, ulioshika vichala uache.

Ncha zikinyooka na maua yakishika, mambo ni mazuri.

Na yale matunda makubwa ya chotara uliyoyatenga juu ya kabati kwa ajili ya mbegu, yarudishe kwenye tenga uyauze.