Kuchagua Upote na Zana za Upinde wa Jadi katika Hewa ya Bahari

Mtu anayetaka kununua au kuchonga upinde wa jadi hapa Unguja au Pemba aghalabu huanza kwa kuuliza habari za mti, nami humshauri aanze na upote, yaani kamba ya upinde. Mti uliokauka vyema huweza kudumu miaka mingi, lakini upote ndio unaobeba nguvu yote ya upinde kila mshale unapoachiwa, na ndio wa kwanza kushambuliwa na unyevu, chumvi na jua. Upote ukikatika wakati upinde umevutwa, mikono ya upinde, yaani pande zake mbili zinazopinda, huruka mbele bila kizuizi, na mara nyingi mti hupasuka pale pale mbele ya uso wa aliyeushika. Wasasi wa zamani wa kusini Unguja walitegemea zaidi mbwa na nyavu, kwa hiyo ujuzi wa upinde haukurithishwa kwetu kwa wingi kama ulivyorithishwa Bara, na mwanafunzi wa leo hulazimika kuukusanya kidogo kidogo.

Jambo moja la sheria halina budi kutangulia. Misitu na wanyama pori wa Zanzibar wanalindwa na Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 ya usimamizi na uhifadhi wa rasilimali za misitu. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, hakuna kuwinda, na paa nunga, ambaye yumo katika hatari ya kutoweka duniani, aachwe salama popote atakapoonekana. Mwongozo huu basi ni wa anayefuma shabaha, na wa mwenye kibali kutoka mamlaka ya misitu ambaye amekwisha kuhakikisha kwamba kibali chake kinaruhusu upinde. Asiye na kibali atosheke na gunia lililoshindiliwa makumbi, ambalo hupokea mshale vizuri na halimgharimu kitu.

Sasa tuingie katika upote wenyewe. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania Bara, hutia upinde wao upote wa kano za wanyama, na wengi wetu tukiwaona kwenye picha hudhani kwamba hiyo ndiyo njia ya asili ambayo kila mtu anapaswa kuifuata. Kwao inafaa, kwa sababu nchi yao ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ukano hunywa unyevu, na ukishalowa hurefuka na kulegea. Upote wa kano uliokaza asubuhi mjini Wete wakati wa masika unaweza kuwa umeshuka kabla ya adhuhuri, ukaanza kuupiga mkono kila unapoachia. Kwa hewa yetu siupendekezi kabisa, hata kwa mwenye mapenzi makubwa ya mambo ya jadi.

Nyuzi za mimea hutofautiana sana. Kitani ndicho bora kati yake: hakivutiki sana, na tofauti na kano, huongezeka nguvu kikilowa maji. Kasoro yake ni kwamba huoza kikihifadhiwa kibichi, na kikichoka hukatika ghafla bila kutoa dalili nyingi. Mkonge ni mgumu, na nyuzi zake huvunjika pale zinapopindwa mara kwa mara, yaani katika vitanzi, mahali ambapo hatutaki udhaifu wowote. Kamba ya usumba, ambayo wanawake wa Jambiani na Bwejuu huisokota kutokana na makumbi yaliyofukiwa pwani kwa miezi kadhaa, huvumilia maji ya chumvi kwa namna ya ajabu, lakini huvutika mno. Upinde wenye upote unaovutika humaliza nguvu yake katika kuurefusha upote badala ya kuusukuma mshale.

Kwa sababu hiyo hiyo uache mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, ijapokuwa ni rahisi kupatikana na ndio ambao vijana wengi huanza nao. Nailoni huvutika kama mpira, na hunywa maji pia. Nimeshuhudia mshale uliotoka katika upinde wa nguvu nzuri ukianguka hatua ishirini tu mbele, na mwenye upinde akaulaumu mti. Tulipombadilishia upote, upinde ule ule ulipeleka mshale mbali zaidi ya mara mbili.

Uzi ninaoupendekeza kwa upinde wa mti mtupu ni wa poliesta, wa aina wanayotumia mafundi viatu na washona matanga. Haunywi maji kwa kiasi cha kujali, hauozi, na kule kuvutika kwake kidogo hupunguza mshtuko unaozifikia ncha za upinde. Duka za vifaa vya upinde nchi za nje huuza uzi wa namna hiyo hiyo kwa jina la Dacron. Kuna pia nyuzi mpya zisizovutika karibu kabisa, kama Dyneema, ambazo huku kwetu hufika kwa sura ya mishipi ya kusuka ya wavuvi wa bahari kuu. Hizo hurusha mshale kwa kasi zaidi, lakini mshtuko wake ni mkali, unene wake ni mdogo kiasi cha kukata mti pale kitanzi kinapokaa, na fundo lake huteleza. Zitumie tu ikiwa ncha za upinde zimeimarishwa kwa pembe, mfupa au mti mgumu zaidi, na ukinenepesha vitanzi kwa nyuzi za ziada.

Idadi ya nyuzi haikisiwi kwa macho. Kanuni ya kale ni kwamba upote uweze kubeba angalau mara nne ya uzito wa kuvuta upinde. Upinde wa ratili 40 basi unataka upote wa ratili 160, ambazo ni karibu kilo 73. Ili kujua nguvu ya uzi mmoja, zungusha ncha yake ya juu mara nyingi kwenye mti laini wa mviringo uliofungwa mlalo, na ncha ya chini uizungushe vivyo hivyo kwenye mpini wa ndoo, kwa kuwa fundo la kawaida huudhoofisha uzi na kukupa jibu la uongo. Ndoo iwe karibu sana na ardhi. Mimina maji lita moja moja. Kila lita ni kilo moja, na uzito wa ndoo yenyewe uujumlishe. Rudia mara tatu, kisha ushike jibu dogo kuliko yote. Uzi uliokatika kwa kilo 9 unahitaji nyuzi tisa kufikia kilo 73, nami huongeza moja ziwe kumi, kwa sababu nyuzi zilizopotwa pamoja hazigawani mzigo sawasawa.

Neno upote lina undugu na kupota, na kazi yenyewe ni hiyo. Kata kila uzi uzidi urefu wa upinde kwa shubiri mbili hivi, uzigawe katika mafungu mawili, uzipake nta ya nyuki mpaka zishikane. Ncha zisiishie pamoja. Zipishane, ili kitanzi kiungane na upote kwa kupungua taratibu, bila kuacha pahala penye unene wa ghafla. Kisha kila fungu lipotwe kuelekea kulia huku mafungu yakizongana kuelekea kushoto. Aliyewahi kumtazama mama akisokota kamba ya usumba ataielewa hatua hii kwa haraka kuliko kwa maelezo yoyote, kwani mikono hufanya jambo lile lile: mzunguko mmoja hupingana na mwingine, na kamba haifumuki. Kitanzi cha juu kiwe kikubwa ili kiteremke juu ya mkono wa upinde, na cha chini kiwe kidogo cha kukaza. Upote uliomalizika uwe pungufu ya urefu wa upinde kwa inchi 3 hivi. Mwisho, zonga uzi mwembamba wa poliesta katikati, pale mshale na vidole vinapokaa.

Ukishautia, pima nafasi kati ya upote na kishikio. Kwa upinde mrefu usio na mikunjo, nafasi hiyo ni inchi 6 hadi 7, na kipimo cha mkono ni ngumi iliyowekwa juu ya kishikio na dole gumba lililosimama hadi kugusa upote. Ikiwa ndogo, upote utakupiga mkono. Ikiwa kubwa, mti utataabika bure. Upote mpya hurefuka, kwa hiyo piga mishale ishirini au thelathini, utoe kitanzi kimoja, uupote zaidi kwa upande ule ule uliokwisha kupotwa, kisha upime tena. Usiupote kinyume, utaufumua.

Kuhusu upinde, nitasema machache. Anayeanza achukue wa ratili 25 hadi 30 mpaka mgongo na bega vizoee, na mwenye kibali cha kuwinda asishuke chini ya 40. Uzito huo hupimwa kwa mvuto wa inchi 28, na kila inchi unayopunguza huondoa ratili mbili au tatu, kwa hiyo mwenye mikono mifupi asidanganyike na namba iliyoandikwa. Tena usiachie upote bila mshale, hata kwa majaribio. Upinde wangu wa kwanza niliupoteza kwa kosa hilo.

Mshale unataka uangalifu mwingi kuliko watu wanavyoupa. Wano, yaani ule ufito wa mshale, hupinda kidogo unapoachiwa na kupita kando ya kishikio, na ugumu wake lazima ulingane na upinde. Uweke juu ya egemeo mbili zilizoachana sentimita 66, utundike katikati chupa ya maji yenye jumla ya gramu 900 hivi, kisha upime umeshuka kiasi gani. Kwa upinde wa ratili 40, wano unaoshuka karibu milimita 16 hadi 17 ndio unaofaa. Ukishuka zaidi ni laini mno, na ukishuka kidogo ni mgumu mno. Chagua mawano yanayolingana, kwani mishale sita inayofanana inafaa zaidi kuliko ishirini ya kila namna. Uzito wa mshale mzima kwa upinde huo uwe karibu gramu 26. Manyoya matatu ya mkiani yatoke bawa la upande mmoja, yote ya kulia au yote ya kushoto, na ya bata bukini yanafaa sana. Pengo la mkia liubane upote kiasi kwamba mshale uning'inie bila kushikwa, lakini uanguke upote ukigongwa kwa kidole.

Kuhusu chembe, yaani kichwa cha mshale, kwetu sisi Waislamu hili si suala la ufundi peke yake. Katika hadithi ya Adiy bin Hatim, Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba kilichopigwa kwa makali kikachomwa huliwa, na kilichopigwa kwa ubapa kikafa kwa kishindo hakiliwi. Chembe butu basi ni ya shabaha tu. Ya kuwindia iwe na makali mawili yaliyonolewa mpaka yanyoe nywele za mkono, imekazwa isicheze, na jina la Mwenyezi Mungu litajwe wakati wa kuachia. Mnyama akikutwa hai achinjwe. Akikutwa amekufa ndani ya maji, aachwe. Sumu haina nafasi katika zana hizi. Anayepita maweni achukue faili dogo, kwa sababu mshale uliokosa ukagonga jiwe hupoteza makali papo hapo.

Vilivyobaki ni vidogo: mkingo wa ngozi kwa mkono unaoshika upinde, kipande cha ngozi laini kwa vidole, na podo, yaani mfuko wa mishale, lenye kifuniko, ambalo chembe zake hupakwa mafuta ya cherehani zisishike kutu. Toa upote kila unapomaliza kupiga. Ukirudi kutoka pwani, ufute kwa kitambaa chenye maji baridi kuondoa chumvi, uache ukauke kivulini, upake nta na kuisugua kwa kiganja mpaka ipate joto na kuingia ndani. Kagua vitanzi na pale katikati. Uzi mmoja ukikatika, upote wote haufai tena. Daima uwe na wa pili ndani ya podo, uliokwisha kutiwa na kuvutwa kwenye upinde ule ule.