Gari ya kutoka kwenye theluji ya Japani: ingia uvunguni kabla hujalipa, halafu ndo uilinde na baridi yetu

Wadau wa Arusha na Moshi, kipupwe ndo hiki kimeshaingia, alfajiri pale Ngaramtoni ukipumua unauona mvuke, na kila msimu kama huu watu wananiuliza wachukue gari gani itakayopanda Machame au Marangu kwenye utelezi na isiyosumbua kuwaka asubuhi. Jibu langu ni moja, tafuta fowili (gari inayovutwa na tairi zote nne) iliyotumika Japani kwenye mikoa ya theluji, ila ukilipa kabla hujaangalia uvungu utalia.

Mikoa yenyewe ni Hokkaido, Aomori, Akita, Niigata na jirani zao. Huko hata vigari vidogo kama Vitz na IST unavikuta vina fowili, na gari zinazoandaliwa kiwandani kwa ajili ya baridi zinawekewa betri kubwa zaidi na hita yenye nguvu. Kuna alama moja rahisi, simama mbele ya gari tazama chini kabisa ya kioo kikubwa pale waipa zinapolala, ukiona vinyaya vyembamba kama nywele vimepita ndani ya kioo jua hivyo ni vya kuyeyusha barafu ili waipa zisigande.

Sasa shida ni chumvi. Wenzetu kule wanamwaga chumvi barabarani barafu iyeyuke, tairi zinairusha juu, inajificha kwenye maungio ya chesisi na inakula chuma miaka na miaka wakati bodi ya juu inang'aa tu.

Nilishuhudia mwenyewe. Nilimsindikiza shemeji yangu kuchukua Noah kwenye yadi moja, uvunguni imepuliziwa rangi nyeusi safi kabisa, tukafurahi tukasema hii imetunzwa. Tumefika Moshi fundi akaingia kwenye shimo na bisibisi, akawa anagonga chesisi kwa mpini, ko ko ko, sauti ngumu ya chuma, alipofika nyuma karibu na springi inapokaa sauti ikabadilika ikawa kama anagonga kopo tupu la maziwa. Akageuza bisibisi akasukuma ncha, ikazama. Magamba ya kutu yakamdondokea usoni, mapana kama maganda ya kitunguu, na shemeji hakusema neno, maana hela yote ilikuwa imeishia kwenye kununua na hapo bado kuchomelea na paipu za breki.

Kwahiyo nenda na fundi wako, sio fundi wa yadi, na tochi. Gonga chesisi yote ukisikiliza sauti, pitisha mkono pale springi zinapokaa, shika paipu za breki zinazokwenda nyuma, ukikuta zimevimba na zinamenyeka usichukue hiyo gari bila kuhesabu gharama ya kuzibadili, kwasababu paipu ya breki ikipasuka unashuka kutoka Marangu kuja Himo uko kwenye hatari kubwa. Na rangi nyeusi mpya uvunguni kwenye gari ya zamani, uliza imefunika nini. Kama unaagiza mwenyewe, dai ile karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani, herufi S kwenye mchoro wa gari ni kutu na C ni kutu iliyokwishaanza kula chuma.

Tairi nazo. Gari hizi nyingine zinakuja na tairi za theluji, utaona zimeandikwa STUDLESS ubavuni, na muuzaji atakwambia bado nzima. Raba yake ni laini ili ishike kwenye barafu, kwenye lami ya Moshi saa nane mchana inaisha haraka na mvua ikinyesha gari inachelewa kusimama, so zitoe. Soma pia zile namba 4 za mwisho za tarehe ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Fowili ya muda wote inataka tairi nne za saizi moja na zilizoisha sawa, ukichanganya mpya na kipara unaumiza difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwenye tairi.

Kuhusu kuwaka asubuhi. Oili nzito kama 20W-50 ikiwa ya baridi stata inahangaika kuizungusha injini, fuata iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, nyingi za Japani ni 5W-30 au nyepesi zaidi. Betri ikilala usiku mzima inatakiwa isome kama volti 12.6, ikiwa chini ya 12.4 ichaji, na injini ikiunguruma usome karibu 14, vinginevyo kaangalie altaneta, ile inayochaji betri. Ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri osha kwa maji ya moto. Wenye dizeli, subirini ile taa ya njano ya alama ya springi izime ndo mpige stata.

Halafu hili linaniuma kweli, mafundi wetu kung'oa themostati eti gari isichemshe! Ile themostati kwenye Toyota nyingi inafunguka karibu nyuzi 82, kazi yake ni kuifanya injini ipate moto haraka, ukiitoa injini inatembea baridi kipindi chote hiki, inakunywa mafuta, na hita inapuliza hewa ya baridi mama mkwe akiwa siti ya nyuma na shuka. Gari inayochemsha itafutiwe sababu, na mara nyingi ni rejeta iliyoziba kutu kwasababu ya maji ya bomba. Weka kulanti (maji maalumu ya rejeta) hata kama huku maji hayagandi, inazuia kutu ndani ya injini na inachelewa kuchemka. Usichanganye rangi tofauti.

Mwisho ukungu. Kioo kikijaa mvuke ndani watu wanazima AC kwasababu kuna baridi, fanya kinyume chake, washa AC pamoja na hita, elekeza hewa kwenye kioo na fungulia hewa ya nje iingie, AC inakausha hewa na kioo kinaanza kusafika chini kwenda juu. Nje kukiwa na ukungu, mfano ule wa ukingo wa Ngorongoro, usiwashe taa za fulu, mwanga unakurudia machoni, tumia taa za chini. Na kioo kisafishe kwa ndani kwa kitambaa na sabuni ukiwa bado nyumbani, mafuta ya viganja ndo yanayoshika mvuke.