Usiseme "nataka kumpima mtoto macho"

Naandika hii kwa wazazi wenzangu mlioko Marekani, hasa wenye watoto wa shule, maana mimi imenila mwaka mzima na hela ambayo sitaki hata kuitaja. Mwanangu ana miaka tisa. Akisoma anafunika jicho moja kwa kiganja kama anazuia jua, anaruka mstari, anarudia ule ule, dakika kumi tu kichwa kinamuuma. Shule wakampima, karatasi ikarudi amefaulu, 20/20. Mimi huyo nikaibandika kwenye friji kwa furaha! Na mtego wenyewe ndo ule.

20/20 ni ile ile 6/6 ya kwetu, yaani akiwa futi 20 anasoma herufi ambazo mtu mwenye macho mazuri anazisoma kwa umbali huo huo. Basi, imeishia hapo. Ubao wa herufi ni wa Mholanzi Snellen, wa 1862, unapima jicho moja moja kwa mbali, haukwambii macho mawili yakiangalia kitabu pale karibu yanaelewana au yanagombana.

Sasa kwetu tumezoea, unafungua faili, unasoma herufi ukutani, unapewa miwani, kwisha. Kwa hiyo nikapiga simu kliniki nikasema nataka kumpima mtoto macho. KOSA. Ukisema hivyo wanakuandikia kipimo cha kawaida, kwa ile bima ya miwani, dakika ishirini, "gudi jobu", mtoto kapewa stika, mnarudi home. Nimefanya hivyo mara mbili, kliniki mbili. Taja dalili jamani. Narudia, taja dalili: anaona maneno mawili mawili, anaumwa kichwa akisoma, anaruka mistari. Uliza kama wanapima jinsi macho yanavyoshirikiana, sio wote wanapima. Na ukishataja dalili mara nyingi inaingia bima ya matibabu, ambayo sio ile ya miwani, ni kadi mbili tofauti, ulizia kabla hujaenda, sio bili ikishatua.

Hawa watu kwa tabasamu hawajambo, ila usichokisema kwao hakipo. Sisi daktari akiuliza mtoto anaendeleaje tunajibu mzima, tunamshukuru Mungu, halafu ndo tunaanza kueleza. Huku ukisema mzima keshaandika mzima.

Kliniki ya tatu nilitaja kila kitu. Daktari, mama mmoja, akachukua kalamu, akaisogeza taratibu kuelekea puani kwa mtoto. Kawaida macho yanaifuata mpaka kama sentimita sita hivi. Ya mwanangu, kalamu ikiwa bado mbali, jicho la kushoto likateleza nje nikaliona kwa macho yangu, na yeye akauliza, "Niangalie ipi?" Nilitoka nje nikalia. Vingine vilienda haraka, kuziba jicho hili na lile, lensi za kugeuzageuza, na miwani myeusi ya kushika mabawa ya nzi kwenye picha.

Na nyie mabibi na mashangazi wa WhatsApp, nawapenda, ila karoti haivuti jicho lirudi katikati, wala mtoto sio mvivu, wala hajarogwa.

Tatizo hili la macho kushindwa kukutana kwa karibu wanaliita convergence insufficiency, na matibabu yake ni mazoezi. Utafiti mkubwa wa hapa hapa, wa 2008, ulionyesha wiki 12 za mazoezi kliniki pamoja na ya nyumbani zinashinda yale ya kuisogeza kalamu puani peke yako home. Ila mwingine wa 2019 ukaonyesha macho yakinyooka haimaanishi mtoto ataelewa zaidi anachosoma, kwa hiyo akikwambia mtu kwamba mazoezi ya macho yanatibu disleksia, ule ugumu wa kujifunza kusoma, na ulipe pakeji nzima leo leo, beba mkoba wako uondoke. Bima nyingi hazilipi mazoezi haya, omba jibu kwa maandishi kabla hujasaini.

Siku ya kipimo beba miwani ya jua, wakimwekea matone ya kutanua mboni ataona ukungu masaa kadhaa, usipange siku hiyo ana mtihani kama nilivyopanga mimi.