Usiondoke Dirishani Kabla Hujaielewa Dawa Yako

Mgonjwa anapofika kwenye dirisha la dawa amekwisha kupita mapokezi, chumba cha daktari na maabara, jua limepanda, mtoto analia mgongoni, na kilichobaki akilini mwake ni kuwahi gari la Ujiji au boti ya Mwamgongo pale Kibirizi. Hapo ndipo anapokabidhiwa bahasha tatu kwa mkupuo pamoja na maelezo ya haraka, anaitikia "ndiyo, dokta", kisha anaondoka. Nimekaa upande wa ndani wa dirisha hilo hapa Kigoma kwa miaka kadhaa, na ninaandika mwongozo huu kwa sababu nimejifunza kwamba "ndiyo" ile mara nyingi ina maana ya asante tu, wala haina maana kwamba mtu ameelewa.

Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupima matumizi ya dawa katika vituo vya afya, na kimojawapo cha vipimo vyake ni kumuuliza mgonjwa anayetoka namna atakavyotumia dawa aliyopewa. Kipimo hicho unaweza kujipimia mwenyewe ukiwa bado umesimama dirishani. Shika bahasha ya kwanza mkononi, mtazame mtoa dawa, na umwambie kwa maneno yako: hii ni dawa ya nini, nitameza vidonge vingapi kwa mara moja, saa ngapi, kwa siku ngapi, kabla ya chakula au baada yake. Ukikwama popote, hapo ndipo pa kuuliza. Fanya hivyo kwa kila bahasha, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika, kwa maana dakika mbili za foleni haziwezi kulinganishwa na wiki nzima ya dawa iliyotumiwa vibaya. Ikiwa unayemchukulia dawa ni bibi au babu ambaye Kiswahili chake si chepesi, omba aelezwe kwa Kiha. Karibu kila kituo cha huku kina mhudumu anayekijua, na mzee aliyeelezwa kwa lugha yake huuliza maswali ambayo asingeyauliza kabisa kwa lugha nyingine.

Kisha soma maandishi. Bahasha iliyoandikwa vizuri ina jina la mgonjwa, jina la dawa na wakati wa kuitumia. Ikikosa kimojawapo, irudishe iandikwe, na usione haya, kwa sababu hiyo ni haki yako. Jina la mgonjwa lina umuhimu mkubwa katika nyumba yenye wagonjwa wawili, na jina la dawa ndilo litakalomsaidia mhudumu mwingine endapo utazidiwa usiku ukapelekwa kwingine. Kama vidonge vimo kwenye pakiti yake ya karatasi ya fedha, omba visitolewe humo, maana tarehe ya mwisho wa matumizi huchapishwa pale, na kidonge kilicholegea ndani ya bahasha hakisemi lolote kuhusu umri wake.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo limenisumbua kuliko yote, nalo ni ile alama ya "1x3". Sisi watoa dawa tunaiandika bila kufikiri, tukimaanisha kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Mama mmoja wa Katonga, aliyekuwa na kidonda mguuni, nilimpa kapsuli 15 za amoksilini, zile ambazo wengi huziita rangi mbili, nikamwandikia hivyo hivyo. Aliporudi kidonda kilikuwa kimevimba na kutoa maji. Alifungua pindo la kanga akanitolea bahasha ikiwa na kapsuli 12. Alikuwa amesoma alama yangu kama kidonge kimoja kwa siku tatu, akameza vitatu kama alivyoamini ameagizwa, na zilizobaki akamhifadhia mumewe. Hakuwa mzembe hata kidogo. Alifuata maandishi, na maandishi yangu ndiyo yaliyompoteza. Tangu siku hiyo ninaandika kwa maneno kamili, nami nakusihi usikubali kuondoka na alama hiyo bila kuambiwa kwa sauti namba ya kwanza ni ya nini na ya pili ni ya nini.

Hata maneno yenyewe yana mtego wake. Tunaandika "kimoja kutwa mara tatu", lakini kutwa, kwa mtu anayeijua lugha yake vizuri, ni tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Kwa hiyo mgonjwa anameza asubuhi, anameza mchana, anameza cha tatu kabla ya magharibi, kisha anakaa usiku kucha bila kitu, wakati kiasi cha dawa mwilini kinaendelea kupungua na vijidudu vinapata nafasi ya kujikusanya upya. Kwa dawa za kuua bakteria kama amoksilini, mara tatu maana yake ni kila baada ya saa nane, usiku ukiwa umehesabiwa ndani yake. Tumia saa zetu za Kiswahili: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Dawa ya mara mbili ni rahisi zaidi, kwa kuwa saa yetu hujirudia kila baada ya saa 12. Ukimeza saa 1 asubuhi, utameza tena saa 1 usiku. Angalizo ni kwa wanaotegesha simu iwakumbushe: simu huandika 07:00 kwa saa 1 asubuhi na 19:00 kwa saa 1 usiku, na nimewahi kumwona kijana aliyetegesha 01:00 akawa anaamka usiku wa manane kumeza dawa yake.

Dawa ya mseto ya malaria inahitaji maelezo ya peke yake, kwa sababu mpangilio wake haufanani siku ya kwanza na siku zinazofuata. Mtu mwenye kilo 35 au zaidi anatumia vidonge 24 kwa jumla, vinne kwa kila mara, mara sita ndani ya siku tatu. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, ya tatu humezwa zinapotimia saa 24 tangu ya kwanza, na zilizobaki kila baada ya saa 12. Tuseme mvuvi ameanza saa 4 asubuhi akiwa bado kituoni. Dozi ya pili ataimeza saa 12 jioni, pengine akiwa anatayarisha taa za kwenda kuvua dagaa. Kesho yake atameza saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na siku ya tatu vivyo hivyo. Anayelala ziwani na aende na pakiti yake ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, badala ya kuiacha nyumbani kwa kuhofia maji. Mseto hufyonzwa vyema zaidi ukiambatana na chakula chenye mafuta, na hapo sisi wa Kigoma hatuna udhuru, kwani mboga iliyoungwa kwa mawese au mgebuka wa kukaanga unatosha kabisa. Ukitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, rudia dozi hiyo, kisha urudi kituoni kuchukua vidonge vya kufidia ili mwisho usipungukiwe. Homa kwa kawaida hushuka kabla vidonge havijaisha, na hapo ndipo watu wengi huacha. Malizia vyote, kwani vimelea vilivyobaki ndivyo vitakavyokurudisha kitandani.

Kwa watoto, kosa kubwa liko kwenye kipimo. Kijiko cha jikoni si kipimo, maana vijiko vya nyumba moja tu havilingani; tumia kikombe kidogo kilichokuja na dawa ya maji, au omba bomba la sindano lisilo na sindano na uonyeshwe mstari wa kufikia. Dawa ya unga inayochanganywa nyumbani inahitaji maji yaliyochemshwa na kupoa: tia kiasi, tikisa hadi unga uyeyuke, halafu ongeza taratibu hadi kwenye alama ya chupa. Tikisa tena kila unapompa mtoto, na ikitimia siku ya saba imwage, hata kama imebaki nusu. Wasio na jokofu waiweke mahali penye kivuli karibu na mtungi wa maji, mbali na jiko na mbali na bati. Mtoto wa kuharisha akipewa zinki, aendelee nayo kwa siku zote alizoandikiwa, yaani 10 hadi 14, ingawa tumbo litatulia mapema; na maji ya chumvichumvi ya pakiti ya lita moja yachanganywe kwa lita moja kamili, yaani chupa mbili za nusu lita, yakibaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Ukisahau dozi, imeze mara unapokumbuka. Lakini kama wakati wa inayofuata umekaribia, iache hiyo na uendelee na ratiba. Usimeze mbili kwa pamoja kufidia.

Parasetamoli huuzwa kwa majina mengi, na nyingine imo ndani ya dawa za mafua bila mtu kujua. Kwa mtu mzima, vidonge vya miligramu 500 visizidi vinane ndani ya saa 24, ukijumlisha vya kila pakiti unayotumia, kwa sababu kinachozidi kinaumiza ini. Ndiyo maana ninasisitiza kuulizia jina la dawa lililo ndani, si lile kubwa la juu ya boksi.

Mwezi wa Ramadhani, watu wetu wengi wa Ujiji hujipangia wenyewe, wakameza dozi mbili wakati wa futari ili kufidia ya mchana. Dawa ya mara mbili kwa siku mara nyingi huweza kugawanywa kati ya futari na daku, lakini ya mara tatu haigawanyiki hivyo, na dawa za kisukari zinaweza kushusha sukari kwa kiwango cha hatari ikiwa mtu amefunga. Mwambie mhudumu kabla mwezi haujaandama kwamba unakusudia kufunga. Inawezekana akakubadilishia dawa, au akakueleza kwamba hali yako ni ile ambayo mgonjwa ameruhusiwa kula.

Siku ya kurudi kliniki, chukua kila dawa iliyomo nyumbani, za hospitali, za dukani na za mitishamba, uzitie katika mfuko mmoja na uje nazo. Zimwage juu ya meza mbele ya mtoa dawa bila kuficha hata moja. Nimewahi kukuta katika mfuko wa mzee mmoja dawa ileile ya presha yenye majina mawili tofauti, moja ya kituo na nyingine aliyonunuliwa na mwanawe, naye akimeza zote mbili kila asubuhi na kushangaa kwa nini anapata kizunguzungu anaponyanyuka kitini.