Kutafuta kikao cha walioacha pombe, ukiwa Dar

Nguzo za umeme huku Tabata zimejaa karatasi za waganga wanaotibu kila kitu, ulevi ukiwemo. Wengine wanauza kabisa dawa ya kumwekea mumeo kwenye chai. Kikao cha AA (Alcoholics Anonymous, watu wanaokutana kusaidiana kuacha pombe) hutakikuta kwenye nguzo. Hawabandiki matangazo, na unaweza kupita nje ya geti lao mwaka mzima usijue kuna nini ndani. Wanatafutwa kwa simu, na kwa kuuliza wanaojua.

Ila kwanza hili. Kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usikate pombe ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea unaweza kuanguka kama mwenye kifafa ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, na watu hufa. Anzia hospitali ya Mwananyamala, Amana, Temeke au Muhimbili, uulizie huduma ya afya ya akili. Mtajie daktari kiasi chako halisi, na gongo nayo uitaje. Usichanganye na kliniki ya methadone: ile ya Muhimbili iliyoanza 2011 ni ya watu wa heroini, dawa ya kuacha pombe haitolewi dirisha lile. Ukishatibiwa, usitoke hospitali kabla hujapita ofisi ya ustawi wa jamii. Waulize wanapompeleka mtu anayetaka kuacha. Hao ndio wanaokutana na watu wa vikundi na wa soba hausi, yaani nyumba wanazokaa wanaoacha ulevi.

Kwenye simu, ingia aa.org, kuna sehemu ya kutafuta AA ya nchi nyingine. Ukipata namba au barua pepe usifunge safari hapo hapo. Vikao huhama ukumbi, hubadili siku. Tuma ujumbe mfupi: "Habari, nataka kuacha pombe, naomba kujua kama kikao bado kipo, kinaendeshwa kwa lugha gani, na kama mgeni anaruhusiwa." Hilo la lugha lisikuponyoke, maana kukaa saa nzima unasikiliza Kiingereza cha kubahatisha kunakatisha tamaa kuliko kukosa kikao. Na ukiandikiwa 7:00 PM, hiyo ni saa moja usiku. Uliza tena wasemavyo wao, usije ukatokea saa saba mchana ukakuta geti na jua.

Uliza pia mlinzi aambiwe nini. Karibu kila ukumbi hapa mjini una mlinzi mwenye daftari: jina, namba ya simu, unakwenda kwa nani, sababu. Kwa mtu anayejificha, safu ile ya "sababu" inatosha kumrudisha kituoni. Mwombe mwenyeji akupokee getini, au akupe jina la kumtaja. Kwenye sababu andika "kikao", basi. Ukumbi ukiwa wa kanisa, Mwislamu asiogope. Ni chumba cha kuazima. AA ilianza Marekani mwaka 1935 na haiko chini ya dhehebu lolote. Wanamtaja Mungu, ila kila mtu kwa jinsi anavyomwelewa.

Ukipata vikao viwili, usichague kilicho karibu. Chagua chenye njia nzuri ya kurudi. Mimi ni fundi majokofu, na nusu ya majokofu ya mji huu yamo baa na glosari, kwa hiyo nazijua bia zilivyopangwa kuliko mwenye duka. Hatari yangu haikuwa kwenda, ilikuwa kurudi: kikao kimeisha, moyo umefunguka, daladala inakushusha Tabata Bima muziki unapiga na washkaji wanaita "fundi!" Sasa nashuka kituo cha mbele nachukua bodaboda. Ni hela, lakini ni ndogo kuliko bili.

Ndani hakuna mahojiano. Ukitaka kusema, unasema jina la kwanza tu, hutaki, unasikiliza. Sharti la kujiunga ni moja, kutaka kuacha pombe. Kiingilio hakuna. Wakipitisha michango, mgeni hadaiwi. Anayekudai ada ya uanachama, aga utoke. Kabla ya kuondoka chukua namba ya mtu mmoja, uipige siku ambayo hujaharibikiwa, ili siku ya kuharibikiwa usione haya.

Mke au mzazi wa mnywaji ana kikao chake, Al-Anon, na aende hata kama mnywaji mwenyewe hataki kusikia.

Siku usizoweza kutoka, aa-intergroup.org ina vikao vya mtandaoni kutwa kucha. Angalia saa ya nchi gani: jioni ya New York ni usiku wa manane hapa. Vya Kenya saa zao ni zetu. Zima kamera, bando lidumu.

Na walio Chanika au Kongowe, kote mbali? Kwa utaratibu wa AA, watu wawili watatu wanaokutana ili wasinywe wanaweza kujiita kikundi, mradi kikundi hakijafungamana na jambo lingine. Tafuteni chumba, wekeni siku moja ya wiki na saa isiyobadilika, kisha mwombeni mwenyeji wa kikao cha mjini aje awaendeshee cha kwanza. Nauli yake mchangiane.