Kushindanisha amonia na haidrojeni kloraidi darasani

Katika jaribio hili gesi mbili, amonia na haidrojeni kloraidi inayotoka kwenye asidi ya haidrokloriki, huanzia ncha mbili za mrija na kukutana ndani yake. Utahitaji mrija wa kioo wa sm 100 wenye kipenyo cha ndani cha sm 2 hivi, vizibo viwili vya mpira, pamba, koleo, stendi mbili, karatasi nyeusi, amonia kali na asidi kali ya haidrokloriki. Usikate tyubu ya taa iliyoungua ili upate mrija: ndani yake mna zebaki.

Jaribio hili huharibiwa na unyevu kabla hata chupa hazijafunguliwa. Kwa hewa ya Dar es Salaam mwezi Machi, mrija ulioachwa mezani baada ya kuoshwa haukauki sawasawa, na gesi zote mbili huyeyuka upesi katika maji, hivyo matone yaliyobaki ukutani huzimeza njiani. Upulizie hewa moto ya drai ya nywele, uache upoe, kisha uufunge stendini ukiwa umelala sawa, karatasi nyeusi nyuma yake.

Vaa miwani ya kinga na glovu. Fungua madirisha yote. Chupa ya amonia iliyokaa kwenye joto huwa na presha, basi ipoze kwenye maji baridi kabla ya kuigusa kifuniko. Asidi ifunguliwe upande wa pili wa meza. Zikikaribiana, moshi mweupe utajaa hewani.

Dondoshea pamba moja matone kama 10 ya amonia, na nyingine matone kama 10 ya asidi. Iloe, isichuruzike. Wawili, kila mmoja kwenye ncha yake ya mrija, waingize pamba na vizibo kwa pamoja, taratibu. Kizibo kimoja kikichelewa na kusukumwa kwa nguvu, hewa ya ndani husogea na vipimo havina maana tena.

Tia alama pale pete nyeupe ya amoniamu kloraidi, unga unaotokea gesi hizo zikikutana, inapoonekana mara ya kwanza, kwa kuwa baadaye hunenepa na kuhama. Pima kutoka kwenye pamba, si ncha ya mrija.

Kwa molekuli za uzito wa 17 (amonia) na 36.5 (haidrojeni kloraidi), kanuni ya Thomas Graham, kwamba gesi nyepesi husafiri haraka zaidi kwa kadiri ya kipeo cha pili cha uwiano wa uzito, inatoa uwiano wa mwendo wa 1.46: pete iwe karibu sm 59 kutoka kwenye amonia. Kwa kawaida utapata uwiano mdogo zaidi, na wanafunzi wasiruhusiwe kuupika. Kanuni hiyo inafaa hasa gesi inayopenya tundu dogo sana. Humu molekuli zinagongana na hewa kila mara, tena pamba mbili hazitoi gesi kwa kiasi sawa. Migongano hiyo ndiyo inayofanya msubiri dakika kadhaa, ingawa molekuli ya amonia hukimbia mamia ya mita kwa sekunde.

Kipindi kikiwa kifupi, mrija wa sm 50 huchukua takriban robo ya muda, ila kosa la sm 1 hapo lina uzito maradufu. Mkimaliza, kila pamba itumbukizwe kwenye ndoo yake ya maji.